Benjamin Graham: Yatima aliyefundisha kutofautisha bei na thamani

MKULIMA wa Rhotia, wilayani Karatu, hahitaji kwenda darasani kujua kwamba bei ni kigeugeu. Kando ya barabara itokayo Mto wa Mbu kupanda kwenda Karatu na Ngorongoro, kwenye udongo ule mwekundu, watu hulima ngano, shayiri, mahindi, maharage na mbaazi bila kujua gunia litauzwa shilingi ngapi. Mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini humo, zao lililokuwa likigombewa na wanunuzi lilidoda. Mwaka 2020, Uviko-19 uliposimamisha safari za watalii, waliokuwa wakiuza mboga, mayai na nyama kwenye hoteli za Karatu walibaki na mzigo mkononi.

Kwa hiyo anayepata fedha kidogo baada ya msimu mzuri hujiuliza aiweke wapi. Wapo wanaonunua ng'ombe, wapo wanaonunua kiwanja, na wapo waliosikia habari za Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), lililoanza biashara Aprili 1998, wakavutiwa, kisha wakaogopa. Wanaogopa kwa sababu bei za hisa nazo hupanda na kushuka, na hakuna ajuaye kesho.

Swali hilo ndilo lililoyatawala maisha ya Benjamin Graham, Mmarekani aliyefariki mwaka 1976 na ambaye hadi leo hutajwa kuwa baba wa elimu ya uchambuzi wa hisa. Hakulijibu kwa kutabiri bei. Alilijibu kwa kumfundisha mtu jinsi ya kujilinda pale ambapo utabiri hauwezekani, na somo hilo alilipata kwa machungu, kwanza nyumbani kwao na baadaye mfukoni mwake.

Mama aliyepoteza akiba

Graham alizaliwa London, Uingereza, Mei 9, 1894, akiitwa Benjamin Grossbaum. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya kauri, na mwaka uliofuata familia ilihamia New York, Marekani, kuendeleza biashara hiyo. Maisha yalikuwa mazuri hadi mwaka 1903, baba alipofariki akiwa na umri wa miaka 35. Biashara nayo haikudumu.

Mama, Dorothy, alibaki na watoto watatu wa kiume. Alijaribu kupangisha vyumba kwa wageni, lakini haikulipa. Akajaribu hisa za kampuni kubwa ya chuma, US Steel. Kosa lake halikuwa kuchagua kampuni mbovu, bali kununua kwa mkopo wa dalali.

Utaratibu wa mkopo huo ni rahisi kuueleza. Mnunuzi hutoa sehemu ya fedha, dalali humkopesha iliyobaki, na hisa zenyewe huwa dhamana. Bei ikipanda, mnunuzi hufurahia faida kubwa kwa mtaji mdogo. Bei ikishuka, dalali hudai fedha ya nyongeza mara moja, na asipoipata huuza hisa hizo ili arudishe mkopo wake. Mwaka 1907 hofu iliyakumba mabenki ya Marekani, bei za hisa zikaporomoka, na akiba ya mama huyo ikatoweka.

US Steel yenyewe haikufa. Iliendelea kufua chuma, na miaka michache baadaye bei ya hisa zake ilipanda kupita ilivyokuwa kabla ya mtikisiko. Aliyekuwa amenunua kwa fedha yake mwenyewe aliweza kungoja, lakini aliyenunua kwa fedha ya mkopo alilazimika kuuza siku mbaya kuliko zote.

Wakulima wanaijua hali hiyo kwa jina jingine. Aliyechukua fedha kwa mlanguzi wakati wa palizi huuza mazao yake mwezi wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, hata kama anajua kwamba baada ya miezi michache gunia litapanda. Anaijua vizuri thamani ya gunia lake, lakini deni halimpi muda wa kungoja.

Kuingia Wall Street

Kijana Benjamin alisoma kwa shida, akifanya vibarua, hadi akapata ufadhili wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alihitimu mwaka 1914 akiwa wa pili katika darasa lake. Idara tatu za chuo hicho, za Kiingereza, hisabati na falsafa, zilimtaka abaki kufundisha. Lakini nyumbani kulikuwa na mahitaji, naye akaenda Wall Street, mtaa wa mabenki na madalali wa hisa, kwa mshahara wa dola 12 kwa wiki.

Alianza kazi wakati mgumu. Vita Kuu ya Kwanza ilizuka Ulaya mwaka huohuo, na mwishoni mwa Julai soko la hisa la New York likafungwa kwa miezi zaidi ya minne. Familia yao ilibadili jina kutoka Grossbaum kuwa Graham wakati wa vita hiyo, kwa sababu majina yenye sura ya Kijerumani yalikuwa hayapendwi.

Wakati huo watu wengi walinunua hisa kwa kufuata uvumi. Wachache tu walisoma hesabu za kampuni. Graham aliona kwamba hapo ndipo palipo na fedha. Mwaka 1915 aligundua kwamba kampuni ya Guggenheim Exploration, iliyokuwa ikijiandaa kuvunjwa, ilimiliki hisa za migodi kadhaa. Alipozijumlisha mali hizo, kila hisa ya kampuni hiyo ilikuwa na thamani ya dola 76 hivi, wakati sokoni iliuzwa kwa dola 69 hivi. Ilikuwa sawa na kuuziwa gunia la maharage kwa bei iliyo chini ya ile ya maharage yaliyomo ndani yake.

Mwanahisa aliyesoma makaratasi

Kisa kilichompa sifa zaidi kilianza mwaka 1926. Graham alisafiri hadi Washington kusoma taarifa ambazo kampuni za mabomba ya mafuta zilitakiwa kuziwasilisha serikalini. Taarifa hizo zilikuwa wazi kwa umma, ila watu hawakuwa na desturi ya kwenda kuzisoma. Humo alikuta kwamba kampuni ya Northern Pipe Line, iliyokuwa ikiuza hisa moja kwa dola 65, ilikuwa na hati fungani na akiba nyingine zenye thamani ya dola 95 kwa kila hisa. Fedha hizo zilikaa tu, kwa kuwa kampuni haikuzihitaji katika shughuli zake.

Alinunua hisa na kuwaomba viongozi wawagawie wanahisa fedha hizo. Walimkatalia. Januari 1927 alisafiri kwa treni hadi mji mdogo wa Oil City, Pennsylvania, kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Alikuwa mgeni pekee kati ya wafanyakazi wa kampuni, na alipotaka kutoa hoja hakupata wa kumuunga mkono. Mkutano ukafungwa.

Hakukata tamaa. Mwaka mzima aliwatafuta wanahisa wengine, akawaeleza hesabu alizozikuta, akakusanya hati za kuwawakilisha. Mwaka 1928 alirudi na kura za kutosha kuingiza wajumbe wawili katika bodi ya wakurugenzi. Hatimaye wanahisa walilipwa jumla ya dola 70 kwa kila hisa, nao wakabaki na hisa zao.

Kwa mwanachama wa AMCOS au SACCOS kisa hicho hakihitaji maelezo marefu. Mwenye hisa ni mwenye mali. Asiposoma taarifa ya mapato na matumizi, na asipohudhuria mkutano mkuu, mali hiyo huendeshwa kana kwamba ni ya meneja.

Mwaka 1929

Kufikia mwanzoni mwa 1929, Graham alikuwa akisimamia mfuko wa dola milioni 2.5 za watu waliomwamini, akisaidiana na mshirika wake, Jerome Newman. Alikuwa na umri wa miaka 34, tajiri, na mwalimu wa jioni katika chuo chake cha zamani. Alijiona mwerevu, na kwa hesabu za karatasi alikuwa mwerevu kweli.

Oktoba mwaka huo soko la New York lilianguka. Mfuko wake ulipoteza asilimia 20 mwaka 1929, hasara ambayo wengi waliiona ndogo ukilinganisha na ya wengine. Graham akadhani mabaya yamekwisha. Mwanzoni mwa 1930, akiwa mapumzikoni Florida, alikutana na mzee mfanyabiashara wa miaka 93 aliyemuuliza ana deni kiasi gani benki. Alipojibiwa, mzee huyo alimshauri arudi New York mara moja, auze alivyonavyo na kulipa madeni yake. Graham alimsikiliza kwa heshima, kisha akapuuza ushauri huo.

Mwaka 1930 mfuko ulipoteza nusu ya thamani yake, kwa kuwa sehemu ya hisa zilikuwa zimenunuliwa kwa mkopo. Kufikia mwaka 1932, asilimia 70 ya dola milioni 2.5 ilikuwa imetoweka, baadhi kwa hasara na baadhi kwa wateja kutoa fedha zao. Mtoto wa mama aliyeangushwa na mkopo mwaka 1907 alikuwa ameangushwa na kitu kilekile.

Familia ilihama jumba la kifahari ikaenda kwenye nyumba ya bei nafuu, na mkewe akarudi kufundisha dansi. Graham na Newman walifanya kazi kwa miaka kadhaa bila malipo, kwa kuwa makubaliano yao na wateja yalisema hawatachukua chochote hadi hasara iwe imefidiwa. Ilifidiwa yote mwishoni mwa mwaka 1935. Waliokuwa na subira ya kubaki walirudishiwa chao.

Bei ya kila siku

Katika miaka hiyo ya dhiki Graham alikaa chini kuandika. Mwaka 1932, wakati hakuna aliyetaka kusikia neno hisa, alionyesha kwamba kati ya kampuni 600 za viwanda zilizokuwa sokoni New York, zaidi ya 200 zilikuwa zikiuzwa chini ya thamani ya fedha na mali zao za haraka baada ya kutoa madeni. Mwaka 1934 alitoa kitabu cha uchambuzi wa hisa pamoja na mwalimu mwenzake, David Dodd. Mwaka 1949 alitoa kingine kwa ajili ya watu wa kawaida, The Intelligent Investor, ambacho kinasomwa hadi leo.

Katika kitabu hicho alimchora mbia wa kufikirika aliyempa jina la Bwana Soko. Mbia huyo hubisha hodi kila siku na kutaja bei ambayo yuko tayari kununua sehemu yako ya biashara au kukuuzia yake. Siku akiwa na furaha hutaja bei kubwa mno, na siku akiwa na hofu hutaja bei ya kutupa. Ukimkatalia hachukii, kesho atarudi. Kosa la watu, kwa mtazamo wa Graham, ni kumfanya mbia huyo mwenye hasira za ghafla kuwa mshauri wao, badala ya kumtumia anapotaja bei inayowafaa.

Dar es Salaam nako Bwana Soko anafahamika. Hisa za Benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja. Mwaka 2015 wanahisa waliuziwa hisa za nyongeza kwa shilingi 350. Mwaka 2019 bei sokoni ilikuwa chini ya ile ya 2009, na kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imevuka shilingi 400. Faida ya benki hiyo nayo ilishuka na kupanda katika miaka hiyo, lakini mwaka 2019 ilikuwa imekwishaanza kurudi wakati bei bado iko chini. Aliyetazama bei peke yake aliona hasara tu. Ili kuiona faida ilitakiwa kusoma hesabu.

Kutokana na hayo Graham aliweka kanuni yake kuu, ya kuacha pengo la usalama. Mchinjaji mzoefu mnadani hukadiria ng'ombe atatoa kilo ngapi, lakini halipi fedha ya kilo zote hizo. Hulipa pungufu, kwa sababu anajua jicho linaweza kukosea. Graham alitaka mnunuzi wa hisa afanye vivyo hivyo, yaani akadirie thamani ya kampuni kwa mali, madeni, faida ya miaka mingi na gawio, kisha anunue pale tu ambapo bei iko chini sana ya makadirio yake. Pengo hilo ndilo linalomlinda mambo yasipokwenda kama alivyotarajia.

Aidha, alishauri mtu wa kawaida asiweke akiba yote katika hisa wala asiziache kabisa. Alipendekeza nusu iwe hisa na nusu hati fungani, na kwamba upande wowote usishuke chini ya robo wala usipite robo tatu. Hisa nazo ziwe za kampuni kadhaa, ili moja ikifa zisife zote.

Alivyowafikiria wakulima

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba Graham alitumia miaka mingi kuwaza kuhusu bei za mazao. Aliona katika mdororo wa miaka ya 1930 maghala yamejaa na watu wana njaa, huku mkulima akifilisika kwa sababu amevuna vizuri. Mwaka 1937 alitoa kitabu kilichopendekeza serikali inunue na kuhifadhi kwa pamoja bidhaa muhimu kama ngano, mahindi, pamba na kahawa bei zinapoanguka, na kuziuza zinapopanda, huku shehena hizo zikiwa dhamana ya fedha ya nchi. Mwaka 1944 aliupanua mpango huo uwe wa dunia nzima. Wachumi waliujadili, lakini haukukubaliwa.

Hata hivyo, wazo la kwamba ghala linampa mkulima muda halikufa. Tanzania ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Mazao Ghalani mwaka 2005, ambayo lengo lake mojawapo ni kumwezesha mkulima kuweka mazao ghalani, kupewa stakabadhi na kuitumia kama dhamana ya mkopo badala ya kuuza siku ya mavuno. Utekelezaji wake umekuwa na manung'uniko katika baadhi ya mazao na maeneo. Lakini shabaha ni ileile aliyoifikiria Graham, kwamba mwenye mali asilazimishwe kuuza siku mbaya.

Mwanafunzi na bahati

Mwaka 1948 mfuko wa Graham ulinunua nusu ya kampuni ya bima ya magari iitwayo GEICO kwa dola 712,000, kiasi cha robo ya fedha zote za mfuko. Sheria haikuruhusu mfuko kama ule kumiliki sehemu kubwa hivyo ya kampuni ya bima, hivyo hisa ziligawiwa kwa wateja. Waliozishika waliona zikipanda hadi mamia ya mamilioni ya dola. Baadaye Graham alikiri kwamba faida ya hisa hiyo moja ilipita jumla ya faida ya kazi nyingine zote walizofanya kwa miaka 20, na kwamba ukubwa wa ununuzi huo ulikwenda kinyume cha desturi yake ya kugawa fedha katika kampuni nyingi.

Mwaka 1950 alijiunga na darasa lake kijana kutoka Nebraska, Warren Buffett. Buffett alifanya kazi kwa mwalimu wake kuanzia 1954 hadi 1956, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia. Hakuacha kumtaja Graham kama mwalimu wake.

Somo kwa mwenye akiba ndogo

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo wa Rhotia, maisha ya Graham yana mambo machache ya kushika. Fedha ya mbegu, mbolea, ada ya shule na matibabu haiendi kwenye hisa, kwa kuwa ndiyo itakayomlazimisha kuuza bei ikiwa chini. Mkopo wa benki au wa VICOBA hauendi huko kabisa. Fedha inayofaa ni ile isiyohitajika kwa miaka kadhaa.

Kisha ni kusoma. Kampuni zilizoorodheshwa DSE hutakiwa kutoa hesabu zake hadharani. Aliyewahi kupeleka shayiri kwa ajili ya kiwanda cha bia, au anayenunua saruji dukani, anazijua bidhaa za kampuni hizo. Lakini kujua bidhaa hakutoshi kama hajui kampuni inadaiwa kiasi gani, imepata faida miaka mingapi mfululizo na imelipa gawio lini. Asiyekuwa na muda wa hayo anaweza kutumia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama Mfuko wa Umoja ulioanzishwa na UTT mwaka 2005, ambako fedha za wengi huwekwa katika hisa na hati fungani mbalimbali.

Graham alifunga mfuko wake mwaka 1956 na kuhamia California, alikoendelea kufundisha. Utajiri haukumkinga na majonzi: alizika watoto wawili wa kiume, na ndoa zake zilivunjika. Katika mwaka wake wa mwisho alisema kwamba ameacha kuamini mbinu ngumu za uchambuzi, na kwamba kanuni chache rahisi, zikifuatwa bila kuyumba, zinamtosha mtu wa kawaida. Alifariki Septemba 21, 1976, huko Aix-en-Provence, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 82.